Mnara wa Siloamu na Nyumba ya Maajabu



Wapendwa waamini wa parokia yetu, na ninyi nyote mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani, Injili ya Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C, inagusa jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka. Katika sura ya 13 ya Luka, Bwana wetu anataja ajali ya jengo. Mnara ulianguka kule Siloamu, ukaua watu 18. Walioleta habari za misiba walitaka kujua marehemu walikuwa wamekosa nini. Yesu alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha akawageukia waliosimama mbele yake na kuwataka watubu wao wenyewe. Mara baada ya hapo akawasimulia habari za mtini usiozaa, na za mtunza shamba aliyeomba mwaka mmoja zaidi ili auchimbie na kuutia mbolea.

Kwa miaka mingi tumesoma maneno hayo bila kuona mnara wowote machoni petu. Siku hizi tunauona, nao uko Unguja, mbele ya bahari. Tunaomba ruhusa yenu tuwasimulie habari za nyumba hiyo, kisha turudi hapa Kwa Sadala, kwa kuwa mwisho wa habari uko hapa.

Baadhi yenu mnakumbuka hija yetu ya mwaka 2022. Tulikuwa watu 34, wengi wao wazee wa jumuiya na akina mama wa WAWATA, pamoja na mafundi wawili wa parokia. Tuliondoka Kwa Sadala alfajiri, kabla watu wa soko hawajashusha ndizi zao, tukakata kushoto pale Msata na kufika Bagamoyo jioni. Kesho yake tulisali katika misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Siku iliyofuata tukapanda boti Dar es Salaam kwenda Unguja.

Mama mmoja alituuliza njiani kwa nini Wakatoliki wa Uchagani wafanye hija Zanzibar, mahali ambapo wengi wa wenyeji ni Waislamu. Swali lake lilikuwa la haki. Tulimjibu kwamba imani yetu ilipita huko kabla ya kufika mlimani. Padre Armand Fava na wenzake kutoka kisiwa cha Réunion walifika Zanzibar Desemba 1860, wakati wa utawala wa Sultani Majid, wakapokewa na kuruhusiwa kukaa. Mwaka 1863 kazi yao ikakabidhiwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Kutoka Zanzibar wakavuka kwenda Bagamoyo, na mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, akiwa na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger, akapanda hadi Kilema. Kwa hiyo anayesali Misa leo chini ya Kibo anasali kwa sababu, pamoja na neema ya Mungu, mtawala mmoja Mwislamu aliwafungulia mlango wageni. Jambo hilo tusilisahau tunapozungumza juu ya jirani zetu.

Nyumba tunayotaka kuizungumzia ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Hatukuwa wageni kwayo kabisa. Mwaka 2004, tukiwa bado waseminari, sisi na wenzetu watatu tulibahatika kuingia ndani, wakati ilipokuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Tunakumbuka tulivyosimama bustanini Forodhani na kuitazama kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kuingia. Kwa vijana waliozoea nyumba za matofali na mabati, haikuonekana kama kitu kilichojengwa na watu.

Sultani Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883 kuwa jumba la shughuli za kifalme. Nyuma ya jumba hilo kulikuwa na maisha ya mtu aliyeona nchi nyingi. Mwaka 1859 alijaribu kumpokonya ndugu yake Majid utawala, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1870 Majid alipofariki, Barghash akatawala. Mwaka 1875 akafanya ziara Uingereza. Aliyoyaona huko aliyaleta nyumbani, lakini hakuyaleta yabaki peke yake.

Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba zote za Mji Mkongwe. Katikati palikuwa na ukumbi mkubwa uliozungukwa na roshani za kila ghorofa, kwa desturi ya nyumba za Waarabu, ambazo huelekeza macho ndani kuliko nje. Milango ilichongwa kwa ustadi wa pwani na kupambwa kwa aya za Kurani. Lakini kwa nje jumba lilizungukwa na baraza pana za ghorofa tatu, zikiwa zimebebwa na nguzo ndefu nyembamba za chuma zilizotoka viwandani Ulaya. Sakafu zilikuwa za marumaru iliyovuka bahari. Taa za umeme ziliwaka humo wakati miji mingi ya bara letu haijawahi kuuona umeme, na inasemekana lifti yake ilikuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Ndiyo maana watu wakaiita Nyumba ya Maajabu.

Tulipoingia mwaka 2004, katikati ya ukumbi ule ulisimama mtepe, chombo cha kale cha pwani ambacho mbao zake hushonwa kwa kamba pasipo msumari. Kilikuwa kimeundwa upya mwaka mmoja kabla. Mtepe wa kushonwa kwa kamba ukiwa chini ya nguzo za chuma: mashariki na magharibi vilikaa pamoja bila kugombana. Mwenzetu mmoja alisema kwamba Kanisa la Afrika lingependeza likiwa hivyo. Tulikubaliana naye, na hata leo tunakubali. Imani yetu nayo imejengwa kwa mawe ya huku na nguzo zilizoletwa. Anayesema kwamba kuchanganya ni kasoro hajawahi kuangalia vizuri nyumba anayoishi.

Hata hivyo, haifai kuisifu nyumba hiyo kwa nusu ya habari. Jumba lile lilijengwa kwa mali ya karafuu na pembe za ndovu, na nyuma ya mali hiyo kulikuwa na migongo ya watumwa. Ni kweli kwamba Barghash, kwa kubanwa na Waingereza, alitia sahihi mwaka 1873 mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Lakini kufunga soko hakukuwa kufunga utumwa wenyewe. Sheria ya visiwani iliendelea kuutambua hadi mwaka 1897. Kwa hiyo taa zilipowashwa katika baraza zile, wapo waliozitazama kutoka mashambani wakiwa hawana uhuru.

Mkono wa jumba lile ulifika hata mlimani kwetu. Mwaka 1885 Barghash alimtuma Jenerali Lloyd Mathews kuja Kilimanjaro, na watawala wa Uchagani, akiwamo Mangi Rindi wa Moshi, wakakubali kumtambua Sultani. Muda mfupi baadaye akafika Mjerumani Karl Jühlke, naye akapata mkataba wake kwa Rindi huyo huyo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, wakamwachia Sultani ukanda mwembamba wa pwani. Barghash alifariki mwaka 1888, miaka mitano tu baada ya kujenga ajabu yake.

Mwaka 1896 ikaja vita iliyodumu chini ya saa moja. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, baada ya Khalid, mwana wa Barghash, kushika kiti bila idhini ya Waingereza, manowari zao zilishambulia majumba ya pwani. Jumba la Beit al-Hukm liliharibiwa kabisa, na mnara uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ukaanguka. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Nyumba ya Maajabu yenyewe ilisalia. Mwaka uliofuata ilitengenezwa, na mnara mpya wa saa ukasimamishwa juu ya uso wake. Tangu mwaka 1911 ilikuwa ofisi za serikali ya Waingereza, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikapata matumizi mengine, mpaka ilipokuwa makumbusho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe mzima uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nyumba iliyostahimili mizinga haikustahimili miaka. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka, na milango ikafungwa kwa wageni. Ukarabati uliofadhiliwa na Oman ulianza baadaye. Ndipo ikaja tarehe 25 Desemba 2020. Hapa parokiani tulikuwa tumemaliza Misa za Noeli, watu wamekwenda kwao kula na kunywa mbege, simu zikaanza kuleta picha. Sehemu kubwa ya mbele ya jumba, pamoja na mnara wa saa, ilikuwa imelala chini kama kifusi. Watu wawili walipoteza maisha, na wengine wakatolewa wakiwa wamejeruhiwa. Walikuwa kazini siku ya Noeli, wakiitengeneza nyumba ambayo sisi wengine tuliipiga picha tukaenda zetu.

Basi tulipofika Forodhani mwaka 2022 na mahujaji wetu 34, tulichokiona ni uzio wa mabati, na juu yake sehemu ya jengo iliyobaki. Nguzo ambazo tulizistaajabia tukiwa vijana hazikuonekana tena upande ule. Kijana aliyetutembeza alieleza vizuri sana. Alitutajia Barghash, akatutajia Khalid, akatutajia hata majina ya manowari za mwaka 1896. Alipomaliza, mmoja wa mafundi wetu, mzee mwashi ambaye hazungumzi mara nyingi, aliinua mkono kama mtoto wa shule.

“Baba,” alitugeukia sisi, wala si yule kijana, “na hawa wawili waliokufa juzijuzi, waliitwa nani?”

Hakuna aliyejibu. Kijana aliangalia chini. Sisi tuliokuwa tumeandaa maelezo ya hija kwa majuma matatu, pamoja na miaka yote na maaskofu wote, hatukuwa tumefikiri hata kuuliza. Mzee alivua kofia yake, akafanya ishara ya msalaba, akaanza Raha ya milele. Tukaitikia sote tukiwa tumesimama mbele ya uzio, watalii wakipita.

Jioni hiyo, baada ya Misa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu ambalo watu wa mjini huliita Minara Miwili, tulikaa naye barazani. Tulimwuliza kwa nini aliwaza habari zile. Alisema kwamba fundi akiona ukuta ulioanguka hafikirii kwanza mfalme, humfikiria aliyekuwa juu ya jukwaa. Kisha akasema jambo ambalo tumelibeba hadi leo.

“Baba, nyumba haianguki siku ile inayoanguka. Inaanguka siku ile maji yanapoingia na mtu anayeona anasema, tutalitazama mwakani.”

Hakuwa akimlaumu mtu yeyote wa Unguja, wala sisi hatuna haki ya kufanya hivyo. Alinyamaza kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini: “Hata sisi tunao ukuta wetu.”

Tulijua anachosema. Hapa ndipo tunapaswa kuungama, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sisi paroko kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Katika kimojawapo cha vigango vyetu kulikuwa na ufa kwenye ukuta wa nyuma, upande wa sakristia. Ulianza kama uzi. Sababu yake ilikuwa ndogo, nayo ilijulikana: gata la upande huo lilikuwa limetoboka, na kila masika maji yalishuka ukutani mpaka kwenye msingi. Mzee huyu alitueleza jambo hilo mara mbili kwenye kikao. Wakati huo tulikuwa tukimsubiri Askofu kwa Kipaimara. Waamini walikuwa wamechanga kwa moyo, wengine kwa kuwakumbuka wazazi wao marehemu, ili mbele ya kanisa pawe na baraza la nguzo, vigae, na mnara wa kengele. Tulisema kwamba fedha zilizochangwa kwa ajili ya mnara zitumike kwa mnara, na kwamba habari za gata tutazitazama mwakani. Ufa tukaagiza uzibwe kwa lipu na kupakwa rangi. Siku ya Kipaimara kanisa lilipendeza. Tulipongezwa, tukazipokea pongezi hizo.

Na kila Jumapili katekista aliwaketisha watoto wa Utoto Mtakatifu upande ule ule wa nyuma, chini ya ukuta uliopakwa rangi.

Tuliporudi kutoka hija, kabla hata ya kufungua mizigo, tulikwenda na mzee kigangoni. Akachukua nyundo, akagonga lipu mara chache, nayo ikadondoka kwa kipande kimoja. Nyuma yake matofali yalikuwa yamelowa na kulainika, na ufa ambao mwanzoni ulikuwa uzi sasa uliingia vidole. Hatukusema neno. Tuliwaza watoto waliokaa pale kwa miezi mingi, tukatoka nje kupata hewa.

Mnajua yaliyofuata, maana mliyaishi. Kanisa lilifungwa. Masika nzima mlisali chini ya turubai, matope yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Mnara ulisimamishwa ukiwa umefika nusu, na fedha zilizobaki zikaingia kwenye msingi na ukuta, ambavyo vikishajengwa havionekani. Wapo waliotukasirikia, na hatusemi kwamba walikosea. Mama mmoja alitoa sadaka yake ili jina la marehemu mumewe likumbukwe kengele inapolia, na mpaka sasa kengele hailii. Tumemwomba msamaha nyumbani kwake. Alitukaribisha kahawa, akatusikiliza, hakusema kwamba amesamehe wala kwamba hajasamehe. Tunaliheshimu hilo, tunangoja.

Wapendwa, hatuandiki haya ili kusema kwamba uzuri ni dhambi. Barghash huyo huyo aliyejenga jumba lenye taa aliwaletea pia watu wa mjini maji safi kwa mfereji kutoka chemchemi ya nje ya mji. Hakuna aliyesimama kuushangaa mfereji huo, ila kila siku watu walikunywa. Sisi watu wa mlimani tunaelewa. Babu zetu walichimba mifereji kutoka korongoni hadi vihambani, na mfereji haukuishi kwa sifa. Uliishi kwa siku ile ambayo ukoo mzima hutoka na majembe kuzoa tope. Asiyetoka aliulizwa, hata kama ni mtu mkubwa.

Tulichojifunza mbele ya uzio wa Forodhani ni kwamba kustaajabia kitu si sawa na kukitunza. Tulikistaajabia kigango chetu. Huenda ndivyo tunavyoistaajabia hata ndoa yetu siku ya jubilei, au mwana wetu padre, au parokia yenye kwaya tano, huku maji yakishuka ukutani upande wa nyuma. Na ukuta unapoanguka, mara nyingi haumwangukii aliyeahirisha. Unamwangukia fundi aliyekuja kutengeneza, au mtoto aliyeketishwa pale. Ndiyo maana Bwana wetu hakutaka tuhesabu dhambi za wale 18 wa Siloamu. Alituelekeza kwetu sisi tuliobaki wima.

Na tuone rehema iliyomo katika mfano wa mtini. Mtunza shamba hakusema kwamba mti ni mzuri, wala hakudai kwamba umezaa. Aliomba mwaka mmoja, na katika mwaka huo alijipangia kazi ya mikono: kuchimba shinani na kutia mbolea. Kila mwenye kihamba anajua kwamba kazi hiyo haipigwi picha. Mwaka tuliopewa sisi ndio huu.

Tunawaomba mambo matatu kwa Kwaresima hii. La kwanza, Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, kila jumuiya izunguke kanisa la kigango chake, itazame magata, misingi na paa, na ilete taarifa ya ukweli kwenye Halmashauri ya Walei hata kama itatuudhi. La pili, kila mmoja wetu ataje mbele ya Mungu ufa mmoja alioupaka rangi nyumbani kwake, kisha aanze kuubomoa lipu. La tatu, katika sala za jumuiya, tuwakumbuke wale wawili wa Noeli ya 2020. Hatukuyauliza majina yao kwa wakati, lakini Mungu anayajua.

Yule mzee wetu mwashi anaendelea na ukuta. Jana tulipopita alikuwa juu ya jukwaa, tukamwuliza kama mbao zake ziko imara. Alicheka, akasema kwamba hilo ndilo swali la kwanza la maana ambalo amewahi kuulizwa na paroko.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu